Kuku wa Uzi wa Mwalimu Étienne

Mwalimu Étienne alijifunza kudarizi akiwa na miaka thelathini na minane, na aliyemfundisha ni mama wa mke wake. Kwetu Bunia huwezi kusema hayo mbele ya watu bila mtu kucheka. Mwanamume anaweza kuwa fundi wa cherehani, akakaa barazani akikanyaga mashine mchana kutwa, na hakuna atakayemsema. Lakini sindano ya mkono, nyuzi za rangi na maua! Tena kufundishwa na bokilo, mama mkwe, ambaye mtu hata usoni hamtazami!

Mimi Faida nilikuwa jirani yao katika mtaa wa Lumumba, ua wa matete tu kati yetu, na baadaye nikawa mwanafunzi wake. Mengine niliyaona mwenyewe. Mengine Hortense, mke wake, alinisimulia tukitwanga sombe, majani ya muhogo.

Kabla ya vita Étienne alifundisha mwaka wa tano katika shule ya msingi kule Iga Barrière. Sifa yake ilikuwa mwandiko. Akiandika tarehe kwenye tablo, ubao wa darasa, asubuhi, wazazi waliopita nje walisimama dirishani kuitazama. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, anayependa kila kitu kikae mahali pake. Mara mbili au tatu kwa mwaka alikuja Bunia kumsalimu mama mkwe wake, Mama Suzanne, kama desturi inavyotaka. Alisimama uani. Mama Suzanne alivuta kikwembe chake, kitenge cha kujifunga, kichwani, akageuka kando, wakaulizana habari za watoto na za mvua. Kisha Étienne aliletewa chakula peke yake, akala, akaaga. Baada ya miaka tisa ya ndoa, aliniambia, alizijua sandali za mama mkwe wake kuliko alivyoujua uso wake.

Mama Suzanne alikuwa mjane. Alipokuwa msichana masista walimfundisha kudarizi, na tangu hapo hakuiacha sindano. Vitambaa vya meza, shuka za maharusi, foronya zenye majina mawili na njiwa: kama ulifunga ndoa Bunia katika miaka ile na familia yako ilijiweza kidogo, huenda ulilalia maua yake.

Mwaka wa 2002, mahindi yakikaribia kuvunwa, vita vilifika Iga Barrière. Étienne alifika Lumumba akisukuma baiskeli yenye godoro, Hortense nyuma yake, na binti zao wawili, Mireille wa miaka minane na Fifi wa miaka mitano. Hawakuwa na pa kwenda pengine. Lakini mwanamume kuhamia kwa wakwe zake ni jambo zito. Étienne alisimama nje ya ua na baiskeli yake, mvua ikianza, hasogei mbele wala nyuma.

Mama Suzanne alitoka mlangoni, akageukia ukuta, akasema kwa sauti ya kusikika: "Ingieni. Mvua haichagui bokilo."

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha udongo. Cha nyuma kilikuwa cha matofali ya kuchoma, marehemu mume wake alikianza na kukimaliza mwaka aliokufa. Mama Suzanne aliwapa wageni chumba cha mbele, akabaki nyuma, na katika mlango wa kati akatundika kikwembe kizee cha maua ya buluu. Hivyo ndivyo walivyoishi miezi mingi, bokilo huku, bokilo kule, maana wote wawili huitana jina hilo, wakisikia kila mmoja kikohozi cha mwenzake.

Siku zile wanaume hawakutembea ovyo. Kwenye vizuizi vya barabarani mtu aliulizwa jina lake, jina la baba yake, na kilima alichotoka, na jibu lililokuokoa hapa lingeweza kukuua pale. Kwa hiyo Hortense ndiye aliyekwenda soko kuu kuuza chumvi na sabuni, na Étienne alibaki nyumbani. Aliziba paa. Alinyoosha misumari iliyopinda. Aliwafundisha binti zake hesabu mpaka Fifi akawa anajificha chini ya meza kila alipomwona baba yake ameshika chaki. Halafu kazi zikaisha, na hasira ikaanza.

"Siku ile alinigombeza juu ya kifuniko ya sufuria," Hortense aliniambia. "Nikamujibu: Étienne, weye hauko mubaya. Weye uko tu bila kazi."

Kazi ilitoka nyuma ya pazia. Karatasi ambazo Mama Suzanne alizitumia kuchora maua yake zilikuwa zimelika na mende, na macho yake yalikuwa yamechoka; kushona bado aliweza, kwa mazoea ya vidole, lakini kuchora, hapana. Mchana mmoja Mireille alipita chini ya pazia na kipande cha kitambaa cheupe na kreyo ya kuchorea.

"Papa, Koko anauliza kama unaweza kumuandikia maua." Koko ni bibi yake.

"Maua gani?"

Mireille alirudi ndani, akatoka tena. "Anasema yale unajua."

Étienne alikaa mezani. Alichora tawi la kahawa, lenye majani yake mawili mawili na punje zilizokaa kwenye shina kama shanga. Alichora kama alivyoandika tarehe, kwa mkono usiotetemeka, na alipomaliza aliitazama kazi yake akaridhika, jambo ambalo halikuwa limempata kwa muda mrefu. Kitambaa kilipita chini ya pazia. Baada ya nusu saa kikarudi, na Mireille nacho.

"Koko anasema ni mazuri sana, lakini haishoneki."

"Haishoneki namna gani?"

Safari hii jibu halikupitia kwa mtoto. Lilitoka moja kwa moja nyuma ya pazia, polepole, kama mtu anayesema na ukuta: "Mutu anayechora anapashwa kujua sindano inakataa nini."

Na chini ya pazia ikasukumwa sindano, uzi mwekundu, na tamburi, zile pete mbili za mti zinazokibana kitambaa kikanyooka kama ngozi ya ngoma.

Étienne aliniambia kwamba aliitazama sindano ile kwa muda mrefu, akaenda kufunga mlango wa mbele, asije jirani akamwona. Jirani ni mimi. Kisha akaanza.

Kazi ya kwanza ilikuwa mshono wa shina, ule unaokwenda kama kamba iliyosokotwa. Alishona mstari wenye urefu wa kidole, akajichoma mara nne, akaupitisha chini ya pazia. Alisikia mkasi: kwach, kwach, kwach. Kitambaa kilirudi bila kitu, matundu tu. Akashona tena. Mkasi tena. Mtu aliyezoea kusahihisha daftari za wengine kwa wino mwekundu sasa alikaa akingoja kusahihishwa, na Mireille na Fifi, walioona yote, hawakuficha furaha yao.

Siku ya tatu kitambaa kilirudi kizima, mshono wake ukiwa mahali pake. Lakini kilirudi kikiwa kimegeuzwa, nyuma juu.

"Mama," Étienne alisema, akiutazama mlango wa nje ili asilitazame pazia, "nimeona umekigeuza."

"Mbele kila mutu anaweza kudanganya," sauti ilijibu. "Mimi ninaangalia nyuma kwanza. Mafundo yako iko kama mahindi. Anza tena."

Akaanza tena. Kutoka mshono wa shina akaingia mshono wa mnyororo, kisha wa msalaba, kisha ule wa kujaza, ambao unalaza nyuzi moja kando ya nyingine mpaka jani zima linang'aa. Aligundua kwamba mkono wa mwandiko na mkono wa sindano ni ndugu: yote miwili inataka usibane sana na usilegee. Hakugombeza tena mtu juu ya vifuniko. Kufikia Noeli alikuwa akichora na kushona majani, na Mama Suzanne akishona maua, na Hortense alibeba vitambaa sokoni chini ya sabuni. Waliokuja kununua walisema mkono wa Mama Suzanne haujabadilika hata na vita. Hortense alisema asante, akahesabu pesa.

Mwezi wa tano wa mwaka wa 2003, askari wa kigeni waliokuwa wakiushika mji waliondoka, na mapigano yakaingia Bunia mtaa kwa mtaa. Asubuhi yalipofika Lumumba, Hortense alikuwa sokoni. Étienne alikuwa chumba cha mbele na binti zake. Risasi ya kwanza karibu na nyumba ilipiga ukuta wa udongo, vumbi likajaa chumbani, Fifi akapiga kelele.

"Mwalimu!" Mama Suzanne aliita. Hakuwahi kumwita hivyo, wala kwa jina lingine lolote. "Kuya huku na batoto! Huku ni matofali!"

Étienne aliwakumbatia watoto, akafika penye pazia, akasimama. Nawaambia alisimama, risasi zikilia. Alinieleza mwenyewe: mguu ulikataa. Ndipo mkono wa Mama Suzanne ukatokea, ukashika kikwembe cha maua ya buluu, ukakivuta mpaka kamba ikakatika. Wakatazamana uso kwa uso, mara ya kwanza.

"Nilishangaa," Étienne alisema. "Anafanana sana na Hortense."

Walikaa sakafuni, migongo kwenye matofali, siku ile na ya pili yake. Hortense hakurudi, na hawakuwa na namna ya kujua aliko. Fifi aliziba masikio yake. Mchana wa siku ya kwanza Mama Suzanne aliburuta sanduku lake, akatoa kitambaa kikubwa cha meza ambacho hakikuwa kimeguswa, akakitandaza juu ya magoti ya wote wanne. Kila mmoja akapewa pembe na sindano. Alimtungia Fifi uzi wa rangi ya chungwa akamwambia ashone chochote. Kila mlipuko uliposikika, Mama Suzanne alisema, "Musivute uzi. Ngojeni ipite. Sasa, endeleeni." Étienne alisema hajawahi kuona darasa linaloongozwa vizuri namna ile. Walikula mihogo mikavu na chumvi ya biashara ya Hortense. Hawakuwa na nafasi ya kula mbali mbali, wakala sahani moja.

Alasiri ya siku ya pili kelele zilisogea upande mwingine wa mji. Hortense aliingia kwa mlango wa nyuma bila viatu, vumbi mpaka nywele. Alikuwa amekimbia na umati kuelekea uwanja wa ndege, akalala kule chini ya turubai la wenyewe, na mara tu njia ilipotulia akarudi akikata viwanja vya watu. Njia nzima alikuwa akijitayarisha kwa atakayoyakuta. Alichokikuta ni mume wake na mama yake wamekaa goti kwa goti, kitambaa kimoja mapajani, wanabishana.

"Hapa ni mnyororo, Mama, si shina."

"Nani alikufundisha mnyororo? Ninauliza: nani?"

Hortense alikaa chini pale pale mlangoni, akacheka mpaka akalia. Mama Suzanne, aliposikia sauti ya binti yake, aliinuka haraka kumkumbatia. Kisha akakumbuka mambo yote kwa mara moja, akavuta kikwembe kichwani na kumgeuzia Étienne mgongo.

Mwezi uliofuata askari wengine wa kigeni walifika, na mji ukaanza kupumua. Lakini ndani ya nyumba ile palikuwa na neno halijasemwa. Bokilo wameonana uso, wamekula sahani moja. Kwa wazee wetu jambo hilo lina dawa yake: mkwe analeta kuku jike, mama mkwe anampokea, na kuanzia hapo wanaweza kukaa na kuzungumza kama mama na mtoto. Shida ilikuwa kuku. Wakati ule hapakuwa na kuku Bunia. Wenye silaha walikuwa wamewala wote, na aliyesalia hakuna aliyemtaja kwa sauti.

Étienne alikaa siku tisa upande wake wa nyumba na kitambaa cha mraba. Siku ya kumi alimwomba Muzee Ézéchiel, kaka mkubwa wa Mama Suzanne, aje. Niliitwa nami, kwa sababu jambo la namna hii linataka mashahidi. Étienne alipiga goti, akanyoosha mikono miwili, akakifunua kitambaa.

Alikuwa ndege wa ajabu. Manyoya ya shingo yalikuwa ya dhahabu na kahawia, kila moja na mshono wake, kilemba chekundu kama pilipili, na mkia! Mkia ulipanda na kushuka kama mvuke, kijani, buluu na nyeusi. Nilisikia pumzi ya Hortense. Mama Suzanne alikipokea, akakisogeza karibu na macho, akakigeuza, akatazama nyuma, akakirudisha mbele.

"Kazi ni nzuri," alisema. "Lakini hii ni jogoo."

Muzee Ézéchiel akavaa miwani yake. "Ni kweli," alisema. "Ni jogoo. Desturi inasema jike."

"Jogoo alikuwa na rangi zaidi," Étienne alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, mutoto yangu," Muzee alimjibu, "lakini jogoo hatagi."

Étienne alirudi upande wake na mkasi. Alitumia siku nne nyingine kufumua ule mkia, na Hortense aliniambia kwamba kila uzi alioutoa aliusikitikia. Alishona mkia mfupi, akapunguza kilemba, na kwa ushauri wa Fifi akaongeza mayai matatu chini. Muzee Ézéchiel akaja tena. Akahesabu: miguu miwili, mabawa mawili, mayai. "Ni kuku," alitangaza. Mama Suzanne alimpokea kwa mikono miwili, akamlaza kifuani, akasema kwamba amepata kuku asiyekula mahindi yake wala kuchafua uwanja wake. Kisha akaketi kwenye kiti kilichomkabili mkwe wake, akamtazama machoni, akamwuliza habari za asubuhi. Sisi wote tulipiga makofi.

Mwaka ule ule, Mama Adeline, aliyesimamia nyumba ya akina mama kwenye parokia, alikuja kumwomba Mama Suzanne afundishe. Mji ulikuwa umejaa wanawake waliokimbia toka Gety, toka Djugu, toka pande zote, wamekaa na mikono mitupu. Mama Suzanne alijibu kwamba macho yake hayawezi tena kuona kazi ya watu ishirini. "Lakini mwalimu iko," alisema. "Muchukue."

Siku ya kwanza tulicheka kweli. Nilikuwemo. Mwanamume mrefu mwenye kiatu kilichopigwa rangi anaingia na tamburi kwapani! Mwanamke mmoja nyuma aliuliza kama atatufundisha pia kunyonyesha. Étienne aligeuka kwenye tablo, akachukua chaki, akachora mshono wa mnyororo, mkubwa, kila pete urefu wa mkono, na mshale unaoonyesha sindano inazama wapi na kutokea wapi. Alichora vizuri hivi kwamba kicheko kilijifia chenyewe. Kisha akapita katikati yetu, akainama kwa kila mmoja, na jambo la kwanza alilofanya ni kugeuza kitambaa. "Mafundo," aliniambia mimi, "iko kama mahindi, Mama Faida."

Mwanamume mwingine tulikuwa naye mmoja tu, Assani, aliyechimba dhahabu kwa miaka mingi mpaka shimo likamwangukia mguu. Yeye alitaka kushona kofia za Waislamu wenzake. Mwezi wa kwanza mikono yake iliyozoea sururu ilikata uzi kila mara, na Étienne akakaa kando yake kila alasiri bila kuinua sauti. Siku kofia ya kwanza ya Assani ilipokamilika aliivaa, akatembea nayo mpaka soko kuu na kurudi, akichechemea, ili watu waione. Mle darasani hatukuulizana nani ametoka kilima gani. Tuliulizana nani ana uzi wa kijani.

Vita havikuisha siku moja. Vijijini viliendelea kuwaka miaka mingine. Hata hivyo shule zilianza kufunguliwa moja moja, na Michel, mkurugenzi wa shule moja hapa mjini, alimtafuta Étienne. Alikuwa amesikia habari za mwandiko. Étienne alikubali kwa sharti moja: alasiri moja kwa juma darasa lake lishone, wasichana na wavulana pamoja. Michel alisema wazazi watalalamika. Walilalamika majuma mawili. Kisha watoto wakaanza kurudi nyumbani na vitambaa vya kufunika mkate, vyenye majina ya mama zao, na malalamiko yakapungua.

Mama Suzanne bado yuko. Haoni tena uzi, lakini hupitisha kidole nyuma ya kazi na kukuambia uliposhona ukiwa na haraka. Juma lililopita nilikuwa kwao tukichagua mchele, Étienne akaingia kutoka shuleni, shati limejaa chaki na vipande vya nyuzi. Hortense akamwuliza siku ilikuwaje.

"Muzuri," alisema, akikaa chini na kuvua viatu. "Tumepoteza sindano tatu, tumepata mbili. Na yule Didier wa dirishani, ambaye hawezi kukaa dakika moja, leo nimemusahau kabisa. Alikuwa anashona."

Hortense alimpa maji ya kunawa, tukaendelea na mchele.